Alama nyekundu chini ya goti

Leo jioni, baada ya miezi saba ya kuchora, kukata na kubishana, timu yetu ya wanafunzi imemshuhudia mkimbiaji wetu akimaliza mita 100 kwa mguu bandia tuliomtengenezea.

Bapa la nyuzi za kaboni, lililopinda kama herufi J na lisilo na kisigino, lilibonyea kila alipokanyaga kisha likamsukuma mbele, kama tulivyokuwa tumekokotoa.

Lakini alipovua soketi, yaani kikombe cha mguu bandia kinachoshika sehemu ya mguu iliyobaki, tuliona alama nyekundu chini ya goti, pana kama kidole gumba, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupapima.

Yeye alicheka. Mimi nilishindwa.

Kesho tunaanza soketi upya. Ninyi mliowahi kuvaa au kutengeneza kifaa cha namna hii, huanza kupima wapi?