Wewe Unawahi Nini?

Jana jioni binti yangu alikuwa anapekua sanduku la chini ya kitanda, anatafuta kitambaa cha kuwa bibi harusi, akaibuka na kile kipande cha kanga cha rangi ya machungwa. Kimoja tu, doti yake haijakamilika. Akasoma jina lake kwa kusilabisha, maana ndiyo kwanza yuko darasa la pili: "Mta-se-ma mcha-na, u-si-ku mta-la-la." Akacheka peke yake. Halafu akauliza, "Mama, hii ya nani?"

Nikamwambia ya mama mmoja wa Boma.

"Mama nani?"

Hapo nikakwama. Jina lake sikuuliza.

Mnaonifahamu mnaujua wazimu wangu wa miaka ile. Kuogelea kilomita 1.9, kupanda baiskeli kilomita 90, kisha kukimbia 21.1, vyote siku moja, kwa hiari, na kiingilio nimetoa mwenyewe. (Marehemu mama kila mara aliuliza, "Na wanakulipa shilingi ngapi?") Na hiyo ni nusu tu. Ile yenyewe, Ironman, iliyoanzia Hawaii mwaka 1978, ni mara mbili ya hapo. Siku ya kwanza walianza wanaume 15, wakamaliza 12. Sisi Moshi tulianza tisa, mwezi wa tisa, miaka tisa iliyopita, huyu msomaji wa kanga hajazaliwa.

Kuogelea napita haraka. Bwawa lilikuwa la mita 25, kwa hiyo mita 1,900 ni kulikata mara 76. Kila mtu alikuwa na wa kumhesabia pembeni. Wangu alikuwa mpwa wangu, ana miaka kumi na moja, nikampa vikombe viwili na karanga 76: kila nikigusa ukuta, karanga moja inahama kikombe. Mpango mzuri sana, kasoro yake ni karanga. Nilipofika kama katikati nikainua kichwa kuvuta pumzi, nikamwona anatafuna. Mpaka leo sijui kama niliogelea pungufu au nilizidisha, na yeye, siku hizi kijana mwenye ndevu, hataki kusema alikuwa anakula za kikombe kipi.

Baiskeli ilianza vizuri. Weruweru, Kikafu kule bondeni unashuka umeshika breki na roho mkononi, ukimaliza unaupanda mlima wa pili yake huku malori yanakupumulia mgongoni, kisha Kwa Sadala, Boma, njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, mpaka karibu na Kikatiti, ambako kulikuwa na kijana kashika bendera. Unamzunguka, unarudi ulikotoka. Nilipogeuza tu, ule upepo niliokuwa nausifia kwamba leo nina miguu, ukanipiga usoni. Kumbe haikuwa miguu.

Nikiwa nimebakiza kidogo kufika Boma, tairi la nyuma likalia paa! Tyubu ya akiba ninayo, pampu ninayo, na video za kubadilisha tyubu nimeangalia usiku kucha. Lakini tairi lenyewe lilikuwa limechanika ubavuni, upana wa vidole vitatu. Nikitia tyubu mpya inatokeza pale kama kitambi kwenye shati lililokatika kifungo. Nikaisukuma baiskeli kwa mguu. Viatu vile vina chuma kwenye soli, ukitembea navyo kwenye lami unalia ko, ko, ko, kama mbuzi kapandishwa barazani.

Fundi alikuwa chini ya mjohoro, mzee wa makamo ya baba yangu, amekaa kwenye kigoda, mbele yake baiskeli ya Phoenix imepinduliwa magurudumu juu. Pembeni, kijana wa maziwa amesimama na madumu yake mawili ameyafunika gunia lililolowanishwa maji.

"Fundi, naomba unisaidie haraka, tairi limepasuka."

"Marahaba," akasema.

Sikuwa nimemwamkia. Aliipokea tu ile shikamoo ambayo nilitakiwa kuitoa, akaendelea kukaza spoki.

Nikaona aibu, nikaamkia upya kama mtu. Akaniuliza habari za nyumbani, za utokako, za jua. Nikazijibu zote. Nikasema, "Mzee, samahani, niko kwenye mashindano. Nina haraka kidogo."

"Pole sana mwanangu. Huyu anawahi maziwa yasikatike." Akaniangalia kwa mara ya kwanza, kuanzia kofia hadi vile viatu. "Wewe unawahi nini?"

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema nawahi Moshi.

"Unatokea wapi kwani?"

"Moshi."

"Unakwenda wapi?"

"Moshi."

Spana ikasimama hewani. Kijana wa maziwa akageuza shingo.

"Nilifika karibu na Kikatiti," nikaongeza, nikidhani nasaidia.

"Kikatiti ulifuata nini?"

"Kugeuza."

Watu kumbe walishajaa. Kicheko kilianzia kwa bodaboda wa upande wa pili wa barabara, kikavuka. Hata mimi nilicheka, ingawa machozi yalikuwa karibu zaidi ya kicheko. Fundi peke yake hakucheka. Alilifikiria lile jibu kwa makini, kama mtu anayesikiliza kelele ya beringi, kisha akaniambia, "Kaa hapo kwenye benchi. Zamu yako inakuja."

Nikiwa bado nimesimama, mama aliyekuwa anauza maandazi jirani akaja na kanga, akaizungusha kiunoni mwangu na kuifunga kwa nguvu bila kunitaka ruhusa. "Jifunge mwanangu, jua kali." Nilikuwa nimevaa ile nguo ya kubana ya kuogelea na kukimbilia, inayoishia katikati ya mapaja. Jua halikuwa na neno na mapaja yangu. Nikasema asante mama, akanipa na andazi.

Nilikaa pale zaidi ya saa nzima. Wenzangu wawili walinipita, mmoja akapunga mkono. Fundi alimaliza spoki za watu, kijana akafunga madumu akaondoka, ndipo mzee akachukua tairi langu, akalibinya kwa vidole viwili na kusema ni jembamba kama mkanda wa suruali. Akalitoa kwa mikia ya vijiko. Akakata kipande cha tyubu kuukuu ya bodaboda cha kuweka ndani. Halafu akatoa sindano ya kushonea magunia na uzi wa nailoni, akalishona. Namaanisha akalishona tairi, mshono mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anauvuta kwa plaizi, anaulowesha kwa ulimi, anauchungulia. Nilihesabu kumi na moja. Sijui kwa nini nilihesabu. Labda kwa sababu asubuhi ile hesabu ilikuwa imenishinda. Kuna mahali, kama mshono wa saba, niligundua sijaangalia saa muda mrefu. Nilikuwa namwangalia mikono tu.

"Elfu moja mia tano."

Nguo yangu haina mfuko, na simu niliiacha Moshi. Akaniangalia kidogo, kisha akasema, "Utaleta."

Kutoka Boma mpaka Moshi ule mshono ulikuwa unagonga lami kila gurudumu linapozunguka. Tak. Tak. Tak. Kilomita zaidi ya ishirini. Kukimbia kulikuwa barabara ya Mweka, na kukimbia nako ni jina tu: nilipanda kwa mguu kati ya migomba, kanga kiunoni, nikashuka nachechemea. Bodaboda mmoja alinipigia kelele, "Akhwari!" Yule mkimbiaji wetu wa marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968, aliyemaliza wa mwisho na goti limefungwa bandeji. Sijaamua kama lilikuwa sifa au kejeli. Nilifika saa kumi na moja na robo, wa saba kati ya saba, utepe umeshakunjwa, mpwa wangu kalala juu ya begi langu.

Wiki mbili baadaye, Jumapili, nilirudi Boma na deni la fundi. Mama wa maandazi hakuwepo, alikwenda msibani. Fundi akasema niiache kanga kwake. Nikakataa, nataka nimkabidhi mwenyewe, nimshukuru kwa mkono wangu. Ustaarabu huo ndio ulioileta kanga sandukuni. Tangu hapo nimepita Boma mara nisizoweza kuhesabu, hata kwa karanga. Basi linasimama, watu wananunua ndizi na maji, mimi niko dirishani naangalia saa.

"Si tumpelekee Jumamosi?" binti akasema.

Nikamwambia Jumamosi tunawahi kipaimara cha mtoto wa shangazi yake.

Hakubisha. Akajifunga ile kanga kichwani, akaenda kuolewa na mto wa kochi.