Siku yangu moja kwenye barabara ya dampo

Saa 11:30 alfajiri. Bajaji inaniacha nusu kilomita kabla ya geti la dampo, huku pembezoni mwa Dar, na mizigo yangu: kiti cha plastiki, mwamvuli, fomu, kaunta ya kubofya, na kipima kelele nilichokiviringisha kwenye taulo kama kichanga. Dampo linataka kuongezwa eneo, na kabla ya kibali lazima ifanyike tathmini ya athari kwa mazingira. Mshauri ananilipa kwa siku. Yeye anaandika ripoti, mimi nakula vumbi.

Kwanza nakihakiki kipimo. Kuna kidude unakivisha kwenye maiki, kinalia desibeli 94 bila kupanda wala kushuka. Kipimo kikisoma 94, tuko sawa. Navisha sponji, nasimamisha kwenye miguu mitatu. Jogoo, adhana ya mbali: 43.

Saa 12:20 asubuhi. Lori la kwanza, limejaa mpaka turubai limeshindwa kufunika. Linapanda kwa gia nzito: 78. Mgeni hudhani kelele yenyewe ndiyo hiyo. Subiri lirudi tupu. Hapa pana tuta, wananchi wenyewe waliliomba baada ya mtoto kugongwa. Lori tupu likilivuka, bodi zima linaruka na kurudi kwenye chasisi, minyororo ya mlango wa nyuma inacheza: 91. Mwendo umepungua, kishindo kimezaliwa.

Saa 2:00. Foleni ya vitumbua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo unahesabu nini?"

"Malori ya taka."

"Na yale ya mchanga nani anayahesabu?"

Nikacheka, maana ndipo penyewe. Matipa ya mchanga yanapita barabara hii hii, na ya matofali pia. Kwenye fomu yangu yote hayo yanaangukia kisanduku kimoja, "magari mengine makubwa", na ripoti haitayauliza yanaelekea wapi wala yataongezeka lini.

Kelele hazijumlishwi kama shilingi. Lori la 80 likipita sambamba na jingine la 80, unapata 83. Hata magari yakiongezeka maradufu, wastani unapanda 3 tu. Hesabu hii ni tamu kwa anayetafuta kibali: dampo litaandika kwamba linaongeza desibeli 1 au 2, sikio halitambui. Machimbo nayo yakiandika hivyo, kiwanda nacho hivyo hivyo, hakuna aliyedanganya. Mama wa vitumbua anazisikia zote kwa pamoja. Na mtu aliyelala haamshwi na wastani, anaamshwa na kishindo kimoja pale kwenye tuta.

Kinachonikera zaidi ni safu inayoitwa "hali iliyopo". Namba ninazoandika leo tayari zimebeba malori ya upanuzi uliopita. Upanuzi ujao utaanzia hapo, na huu wa sasa utakuwa umeshageuka kuwa hali ya kawaida ya mtaa.

Saa 4:10. Nahamia kwenye uzio wa shule ya msingi. Dirisha la darasa la nne halina vioo, nyavu tu. Mwalimu anafundisha hesabu za sehemu. Lori likikaribia ananyamaza, chaki ikiwa bado imegusa ubao, linapita, anaendelea palepale neno lilipokatika. Watoto hawageuki hata kutazama. Wanasubiri kama watu waliojibanza chini ya baraza mvua ipite. Kipindi ni dakika 40. Nilihesabu vituo 11.

Saa 7:00 mchana. Joto, foleni getini, injini zinaunguruma bila kwenda popote, bodaboda wanapenya upande wa watembea kwa miguu. Dereva mmoja mzee anashuka kunyoosha mgongo, ananihesabia madampo kwa vidole: Tabata, Vingunguti, Mtoni, Pugu Kinyamwezi. Wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988, wakashinda. "Taka hazifi, kijana," anasema, "zinahama." Kuhama kwenyewe ni kwa lori, na Pugu ni mbali kuliko kote huko.

Mchana wote ni vijiti vitano vitano kwenye karatasi. Sina la kusimulia, ila betri zilikwisha mara moja tu, nikabadilisha.

Saa 12:00 jioni. Napaswa kufunga. Nampigia mshauri, namwomba tupime na usiku. Anasema bajeti ni ya mchana, na geti hufungwa jioni. Geti la dampo, ndiyo.

Nikakaa kwa hiari yangu hadi saa 4:00 usiku. Robo saa nzima: mbwa, redio ya jirani, 41. Kisha tipa la mchanga likashuka likiwa tupu, likapiga tuta: 89. Chumba cha pili taa ikawaka, mtoto akalia. Nikageuza fomu ya mwalimu na vituo vyake 11, nikaandika na hilo nyuma yake, kwa kuwa mbele hapakuwa na kisanduku.