Kunde si majani peke yake

Ukienda kwa mama mboga hapa Nairobi useme unataka kunde atakuuliza ya pesa ngapi, alafu "nikukatie?", na unarudi nyumbani na majani. Hiyo ndio kunde watu wengi wa mtaa wanaijua. Mimi mbegu nilizijua kwa susu, yaani nyanya yangu, huko Makueni, alikuwa anazichemsha na mahindi tunakula isyo, na ile iliyolala ikipashwa asubuhi ilikuwa tamu kuliko ya jioni, mpaka leo naisikia mdomoni. Huko ukambani kunde inapendwa juu mvua ikikataa na mahindi yakauke, yenyewe bado itakupea kitu. Kuna hata ile aina ya K80 ya Katumani, kituo cha utafiti wa kilimo huko Machakos, unachuma majani kwanza alafu baadaye unavuna mbegu, shamba ni lile lile.

Mbegu kavu mimi hununua Nyamakima, kule tao kwa maduka ya nafaka, gorogoro moja (ule mkebe wa kupimia), na kabla nilipe naziangalia vizuri, ukiona zina vijishimo ujue wadudu wameshaingia, achana nazo.

Sasa kupika. Chagua mawe, osha, loweka usiku kucha, na yale maji uyamwage usipikie, tumbo halitasumbua sana. Zikichemka saa moja hivi zimeiva na saa zingine hata haifiki, na maharagwe makavu unajua vile yanaweza kukaa jikoni masaa mawili gesi ikiisha tu. Chumvi naweka mwisho. Kitunguu nakikaanga mpaka kiwe rangi ya dhahabu kabisa, hapo usiharakishe, alafu saumu, nyanya nyingi, kunde na supu yake yenyewe, na kadhaa naziponda na mwiko ili mchuzi uwe mzito. Dhania. Watu wa Pwani wanaweka tui la nazi na nawaambia ukweli, na chapati hiyo ni chakula cha wageni.

Na sio utamu tu. Gramu 100 za kunde kavu zina protini kama gramu 24, na kuna foleti nyingi, ile vitamini mama mjamzito hupewa kwa tembe kliniki, kwa hivyo nyumba yenye mjamzito ama watoto wanaokua na nyama ni ya mwisho wa mwezi, hizi zisikose. Madini ya chuma pia yako, lakini hapa ndio wengi wetu tunakosea, tunakula na chai kando na chai inazuia mwili kuyachukua. Chai ingoje saa moja ama mbili, kwa sahani kamulia ndimu ama weka kachumbari, hiyo ndio inasaidia.

Mimi Jumapili nachemsha kilo nzima, nagawa kwa mikebe naweka friza, nikitoka job jioni ni kukaanga tu, dakika 15 tunakula.