Watu wanane, kitufe kimoja: nilivyogawa ruhusa za majaribio

Kazi yenyewe ilionekana ya nusu saa. Mfumo wetu wa malipo ulikuwa umeongezewa kipengele cha kulipa ankara nyingi kwa mkupuo, na uongozi ukataka watu wanane wakijaribu kwa mwezi mmoja kabla ya kufunguliwa kwa wote. Mimi ndiye ninayesimamia mfumo. Nikaona kipengele kinatokea kwa wadhifa wa msimamizi wa malipo peke yake, basi nikawapachika wote wanane wadhifa huo, nikaenda kula.

Siku ya tatu karani mmoja akanipigia. "Kaka, hebu njoo uone kitu." Nikamkuta ameelekeza kidole kwenye skrini. Ankara aliyoiingiza mwenyewe asubuhi ilikuwa imerudi kwenye orodha yake, na chini yake kitufe cha kijani: Idhinisha. "Yaani naandika mimi, napitisha mimi?" Yeye alicheka. Mimi jasho lilinitoka. Kumtenganisha anayeandaa malipo na anayeyaidhinisha ni kinga iliyokuwepo kabla ya kompyuta, na nilikuwa nimeibomoa kwa watu wanane kwa mpigo.

Nilichosahau ni kwamba katika mifumo mingi ruhusa hujumlishwa. Ukimpa mtu wadhifa wa pili, ule wa kwanza haumtoki. Saltzer na Schroeder, wataalamu wa usalama wa kompyuta, walishaandika mwaka 1975 kwamba kila mtumiaji apewe ruhusa chache kabisa zinazotosha kazi yake. Kanuni hiyo niliwahi kuijibia mtihani, tena nikapata.

Nikawaondolea wadhifa papo hapo. Kitufe cha kijani kikaendelea kung'aa kwa yule karani. Nikabofya huku na kule dakika kumi nzima kabla ya kukumbuka kuwa ruhusa zake zilisomwa alipoingia asubuhi. Akatoka, akaingia upya, kikapotea. Kisha nikapitia kumbukumbu za mfumo za siku hizo tatu, mstari kwa mstari. Hakuna aliyeidhinisha ankara yake mwenyewe, ila mmoja alikuwa amepakua ripoti ya bei za wauzaji ambayo haimhusu. Nikamwomba aifute. Sikumlaumu, mlango niliuacha wazi mimi. Meneja wa fedha nilimweleza siku hiyohiyo, kabla hajaambiwa na mwingine.

Mara ya pili nikaunda kikundi kipya chenye ruhusa mbili tu: kufungua skrini ya mkupuo na kuandaa orodha ya malipo. Kuidhinisha kukabaki kwa walewale wa siku zote. Halafu nikamuuliza fundi wa programu swali ambalo ningeuliza mwanzoni: kitufe kikifichwa, seva (kompyuta kuu inayopokea maombi) nayo inakataa? Maana kuna mifumo inayoficha kitufe tu, na anayejua kulituma ombi kwa njia nyingine anapita. Alirudi kesho yake na jibu kuwa sehemu moja haikuwa ikikagua, akairekebisha.

Akaunti yangu haikufaa kwa majaribio kwa sababu inafungua kila kitu. Nikatengeneza akaunti ya bandia yenye wadhifa wa karani pamoja na kikundi kile, nikaingia nayo. Skrini ikafunguka tupu, nyeupe, bila hata ujumbe wa kosa. Ilihitaji kusoma orodha ya akaunti za benki, na karani hana ruhusa hiyo. Nikaongeza ruhusa ya kusoma tu, bila kuhariri, nikaingia tena, ikajaa. Kama si akaunti ile ya bandia, simu nane zingenilia asubuhi moja.

Kila jina kwenye kikundi nikaliwekea tarehe ya kuisha. Hili watu hulipuuza, na ndiyo maana ukikagua mfumo wa miaka mingi unakuta ruhusa za "muda" zenye umri wa mtoto wa shule.

Mwezi ukaisha Ijumaa usiku. Jumatatu nilipokea simu mbili. Ya kwanza ilitoka kwa karani yuleyule: skrini imepotea na ana ankara arubaini za kupanga. Meneja wake akaidhinisha kwa maandishi, nikamrudishia. Ya pili ilikuwa ya bwana mmoja aliyelalamika kuondolewa. Nikafungua kumbukumbu: mwezi mzima hakuwahi kuifungua hata mara moja. Nikamwambia alete barua ya meneja. Hadi leo hajaileta.