Siku moja na tanuri la meno

Saa 12:30 asubuhi. Kabla ya chai natazama kioo cha tanuri: hitilafu. Umeme ulikatika usiku, kofia tatu za meno za zirkonia, keramiki nyeupe ngumu, zikiwa ndani. Uliporudi, kijana wangu wa zamu akazichoma upya kwa digrii 1,600 badala ya 1,500. "Nilitaka zifidie, fundi." Haya, bwana.

Saa 2. Nazipima uzito hewani, kisha ndani ya maji, nijue zimeshikana kiasi gani. Gramu 6.05 kwa sentimita moja ya ujazo, vitundu vimeziba. Kijana anacheka, anadhani kapona. Bado. Mizani inasema zimeshikana, haisemi punje, zile chembe ndogo zinazounda kofia, zimenenepa kiasi gani, na karakana yetu hapa Amani haina hadubini ya elektroni ya kuzionea.

Poda huanza na punje ndogo mno. Moto huzishikamanisha, na vitundu vinavyobaki huwa kama vigingi, vinaizuia mipaka ya punje isihame. Mwishoni vitundu vikiisha, vigingi vimeng'oka: punje kubwa zinameza ndogo. Zirkonia yetu, punje zikipita kama mikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita), haitulii. Kwenye unyevu wa kinywa hugeuka umbo lake la ndani, huvimba kama asilimia 4, halafu ufa. Nazitupa zote tatu.

Saa 4. Simu kwa daktari. Fedheha tupu.

Saa 7, baada ya sala, wali na mchuzi wa pweza. Kijana anauliza kama punje hazina dawa. Namwambia atazame sahani yake: mama yake akiona maji yamekauka haongezi moto, anapunguza, anapalia makaa juu. Mwaka 2000 watafiti I-Wei Chen na X.-H. Wang walifanya mithili ya hayo kwa keramiki nyingine, oksaidi ya itriamu: moto mkali kwanza, kisha wakashusha zaidi ya digrii 100, wakangoja saa nyingi. Kwenye joto hilo atomu bado hupita mipakani kuziba vitundu, ila mipaka yenyewe haina nguvu ya kuhama. Punje zikabaki nanomita 60 hivi, chini ya sehemu ya kumi ya mikroni.

Saa 9. Tunachonga upya, kubwa kwa kama robo, maana zitasinyaa motoni.

Saa 12 jioni. Meno ya wagonjwa yanafuata ratiba ya mtengenezaji: digrii 1,500, muda wa saa 2. Njia hiyo ya kupalia, ya kushusha moto, nitaijaribia mabaki ya kuchongea, siku nyingine. Jenereta lina petroli. Juu ya kitufe nimebandika karatasi: "Umeme ukikatika, usiguse. Nipigie."