Siku yangu na kasi ya treni, Dar hadi Dodoma

Saa 12 asubuhi. Mchongoko, treni ya umeme, unaondoka Dar es Salaam, nami nimeshapata kiti cha dirishani. Kazi yangu ni kupima kasi halisi ya treni, kipande kwa kipande. Kila mtu anasema SGR, yaani treni ya reli ya kisasa, inakwenda kilomita 160 kwa saa. Reli imesanifiwa hivyo kweli, ila hicho ni kiwango cha juu. Abiria anafika kwa kasi ya wastani, na hiyo ndiyo inayostahili kuandikwa.

Saa 12:35. Tumeipita Pugu, treni imechanganya. Simu inarekodi tulipo kila sekunde, lakini siiachii kazi yote. Natazama vibao vya kilomita, saa mkononi: 3,600 ugawe kwa sekunde za kilomita moja. Sekunde 30 ni kilomita 120 kwa saa. Sekunde 22 na nusu ni 160. Kwa mwendo huo wa 160, kidole kikichelewa nusu sekunde tu, jibu linapotoka kwa zaidi ya kilomita 3 kwa saa. Kwa hiyo napima kilomita tano kwa mkupuo.

“Mwanangu, unahesabu nini?” Mzee wa kiti cha pili. Namwamkia, namweleza. Kufika Ngerengere ananitajia vibao kabla sijaviona.

Saa 1:45, Morogoro. Hapa ndipo muda unapoliwa. Dakika mbili za kusimama, kwa mwendo wa 160, ni zaidi ya kilomita 5 za safari, na bado hujahesabu kufunga breki na kuchanganya upya. Anayetaka watu wafike mapema aangalie vituo kwanza, ndipo aulize kuhusu kasi ya juu.

Saa 2:25. Milima ya Kilosa. Mahandaki manne, na ndani yake simu haioni setilaiti. Programu huunganisha alama mbili za nje ya handaki kwa mstari ulionyooka, kona inapotea, umbali unapungua, na kasi inasomeka ndogo kuliko ilivyo. Naandika sekunde ya kuingia na ya kutoka, kisha nagawanya urefu wa njia yenyewe kwa muda huo.

Saa 4. Dodoma, chai na chapati, kisha naketi mezani kufanya kazi. Nafuta alama zilizoruka, napaka ramani rangi.

Saa 11 jioni. Safari ya kurudi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo kupanda na kushuka navipa majedwali tofauti. Ukivichanganya, wastani wake haumfai anayepanga ratiba.