Karata zangu za kemia sasa zinachezeka

Wadau, zile karata za elementi nilizokuwa natengeneza kwa ajili ya mchezo wa kemia sasa zinachezeka kweli. Nimekata manila, kila karata ina alama ya elementi, namba ya atomu na mikono yake, yaani valensi, idadi ya miungano inayoweza kufanya na wenzake: haidrojeni mkono 1, oksijeni 2, naitrojeni 3, kaboni 4. Unagawiwa karata saba, unaunganisha mpaka usibaki mkono wazi, unashusha chini unahesabu pointi.

Juzi nikawapa watoto wa dada, mmoja yuko fomu tuu mdogo wake la sita, mi nikakaa pembeni kimya maana ukianza kuelekeza hutajua kama mchezo unajieleza wenyewe. Kilichokwama mapema ni haidrojeni, methani moja tu (kaboni moja na haidrojeni nne) inameza nne, watoto wanavuta wanavuta hazitoki, kwa hiyo nimeziongeza ziwe nyingi kuliko zote, na hata ulimwenguni ndo elementi iliyojaa kuliko zingine so imekaa sawa kabisa. Heliamu na neoni hazina mkono, haziungani na mtu, nimezifanya za kumzuia mwenzako zamu moja na hapo ndo kelele zikaanza, "anko mwambie anirudishie zamu yangu!"

Ila nilichofurahi zaidi ni yule wa la sita, kashusha kaboni katikati, oksijeni huku na huku, kila moja imeshikwa mikono miwili, akapiga meza, "hii si ndo hewa tunayotoa nje!" Hakuna aliyemwambia.

Sasa nahangaika na chuma, ina valensi 2 na 3, naona mchezaji achague mwenyewe kabla hajashusha. Walimu wa kemia mnaonaje?